Shahidi Aliyejiita Muongo

Hasira hii ninayo tangu kabla ya mvua za kwanza. Sasa alizeti imeshafungua maua na hasira bado ipo. Naamka nayo, naketi nayo kwenye cherehani, inanikatia uzi. Mke wangu anasema nikiendelea hivi siku moja nitashona kidole changu kwenye suruali ya mtu. Namwambia afadhali, mteja atapata suruali inayojivua yenyewe.

"Unaona?" anasema. "Hata ukikasirika hukasiriki kama watu."

Na hapo anakuwa amegusa palepale panapouma. Maana niliwahi kukasirika kweli, mbele ya baraza la kata, nikasema kweli tupu, na watu wazima wenye wajukuu wakacheka mpaka mmoja akatafuta leso afute machozi. Nitawasema wote, mmoja mmoja. Ila niseme mapema kwamba orodha ya watu niliowakasirikia inaanza na mimi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wametawanyika. Mmoja yuko Arusha, mwingine Dar, mwingine yuko nje ya nchi na kila mwezi anatuma picha amesimama kando ya gari la mtu. Mimi niliwahi kwenda Manyoni kwa shangazi, nikakaa siku tatu, tumbo likakataa maji ya huko, nikarudi. Kilimatinde, pale juu ambapo wanasema ukisimama unaona bonde lote limelala chini yako, nimepaona kwenye simu. Siku ya mnada Ikungi kijiji chetu kinabaki kitupu kama shule wakati wa likizo. Wanaobaki ni kuku, mgonjwa mmoja mmoja, na mimi. Cherehani yangu nimeiweka barazani, na mbele ya baraza hakuna ukuta wala mti, ni mashamba tu mpaka kwenye lile jiwe kubwa. Kwa hiyo kama kuna jambo limetokea upande ule, mimi nimeliona. Si kwa ushujaa. Ni kwa uvivu wa kusafiri.

Katika mashamba hayo, moja ni la mamdogo, mdogo wake mama. Aliolewa Kinyangiri, mume akafariki, akarudi nyumbani na begi moja na kuku wawili wamefungwa miguu. Mjomba, kaka yao, hakuuliza maswali. Alimkatia kipande cha shamba lake, akapanda safu ya mikonge kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye ua wa minyaa, akasema mbele ya watu kwamba upande huu ni wa dada yangu mpaka atakapochoka kulima. Nilikuwa darasa la sita, nilibeba miche. Mamdogo hajachoka kulima mpaka leo. Alizeti, mtama kidogo, na kule chini kwenye unyevu anaotesha vitunguu. Kipande hicho ndicho kila kitu alichonacho hapa duniani, ukiondoa kuku, na hao kuku si wale wa Kinyangiri tena.

Sasa mjomba ana mtoto wa kiume, yaani binamu yangu. Na kwetu binamu ni mtani. Ninaweza kumwita mwizi mbele ya mkwe wake, yeye ananiita mchawi mbele ya mchungaji na sheikhe kwa pamoja, na kati yetu atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Maneno ya utani hayapelekwi kwa mwenyekiti. Hilo analijua hata mtu ambaye hakusoma kabisa, na wajumbe wa baraza letu la kata wanalijua kuliko wote, kwa sababu nao wana watani wao.

Mjomba alifariki mwaka jana baada ya mavuno. Msibani mtani ana kazi yake. Wafiwa wakishalia siku mbili tatu, macho yamevimba, mtu hali, lazima atokee mtani mmoja awavunje mbavu. Siku ya kumaliza matanga nikasimama mimi. Nilikuwa nimevaa koti la marehemu, limenifika magotini.

"Waombolezaji, shikamooni," nikasema. "Mimi mnayeniona hapa ni muongo. Tangu mama anizae sijawahi kusema neno la kweli, na hili ninalosema sasa hivi nalo msiliamini. Marehemu aliniachia shamba lote, ng'ombe wote, na huyu mtoto wake ameniachia nimchunge."

Binamu akajibu kutoka kwenye mkeka kwamba hata mbuzi wake wangekataa kuchungwa na mimi. Watu wakaanguka. Mjane, ambaye hakuwa ameonja hata maji, akacheka, kisha akaomba uji. Nilijiona daktari. Mtu mmoja alirekodi kwenye simu, ikaingia kwenye kundi la ukoo, na kwa wiki nzima ndugu walio mbali wakaniandikia kwamba wewe jamaa hufai. Nilifurahi sana. Ningejua ningemnyang'anya ile simu nikaitumbukize chooni.

Miezi michache baadaye, siku ya mnada, nikiwa barazani nashona sketi za shule, nikamwona binamu anaelekea kwenye jiwe na sururu begani. Akaanza kung'oa mikonge ya mpaka. Mmoja, wa pili, wa tatu. Anaubeba kama mtoto, anavuka nao hatua nyingi tu kuingia shamba la mamdogo, anauchimbia huko.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Mimi nilipiga kelele kutoka kwenye kiti:

"We binamu! Unahamisha mpaka au unapanda bustani ya maua?"

"Nahamisha mpaka!" akajibu. "Kashitaki!"

"Nikashitaki kwa nani, na mwenyekiti mwenyewe ni mwizi mwenzako?"

"Basi njoo unisaidie kubeba, mvivu mkubwa! Au cherehani imekuota makalioni?"

Nikacheka. Mungu anaona, nilicheka mpaka nikaacha kukanyaga pedali. Nikamwambia jiwe nalo asilisahau, alibebe. Akasema hilo ananiachia mimi. Nikaendelea na sketi zangu. Alikuwa ameniambia wazi anachofanya, kwa mdomo wake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na kwa sababu tuliambiana tukicheka, nikaona si kweli. Nilidhani anang'oa mikonge iliyozeeka. Nilidhani ataipanga upya. Nilidhani vitu vingi vya kijinga mpaka alasiri alipoleta maksai na plau akapitisha kwenye mashimo yote, udongo ukawa mmoja. Hapo ndipo kicheko kilipoisha, na bado sikunyanyuka.

Mamdogo alirudi kutoka mnadani jua linashuka. Alisimama shambani muda mrefu na ndoo kichwani, hakuitua. Kisha akaja kwangu.

"Mwanangu," akasema, "wewe huwa hutoki. Umeona nini?"

"Nilimwona kwa mbali, mamdogo," nikasema. "Mpaka nafika, alikuwa ameshamaliza."

Hebu fikiria. Maisha yangu yote nimewatania watu nikaitwa muongo, na hakuna aliyedhurika. Siku moja mtu mmoja ananiuliza swali bila kucheka, ananiamini bila kufikiri mara mbili, na hapo ndipo ninapodanganya. Niliona aibu. Kulikuwa na hatua chache tu kutoka kwenye kiti changu mpaka pale.

Mamdogo akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye alisema mambo ya ndugu ni magumu, akampeleka kata. Baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Wakishindwa wanakuandikia karatasi ukatafute haki yako mbele, mjini. Kwa mamdogo, mjini maana yake ni nauli, kulala kwa watu, kuambiwa njoo tarehe nyingine. Na mawingu yalishaanza kujikusanya. Asipopanda mwaka ule upande ule, mwaka unaofuata binamu angesema mnaona, amelima mwenyewe mpaka hapa. Shahidi alikuwa mmoja tu katika kijiji kizima, kwa sababu wengine wote walikuwa Ikungi wakitafuta mbuzi na viatu.

Siku ya baraza nilivaa shati jeupe. Binamu naye alivaa shati, na ni mimi niliyelishona, kola imekaa vizuri ajabu. Hiyo kola iliniudhi kabla hata hajafungua mdomo. Alipofungua, akasema mikonge haijawahi kutoka mahali pake, iko pale alipoiacha marehemu, shangazi yake amesahau kwa sababu ya uzee. Mamdogo ana miaka hamsini na kitu na anakumbuka siku niliyong'oka jino la kwanza.

Mwenyekiti wa baraza, mzee mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, akaniita mbele. Katibu akataka kuniapisha. Binamu akanyoosha mkono.

"Mzee mwenyekiti, samahani. Muongo akiapa, mnaapisha nini?"

Akatoa simu. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka mle, inachekacheka: mimi mnayeniona hapa ni muongo, tangu mama anizae sijawahi kusema neno la kweli. Wajumbe watano, na wote watano wakatabasamu. Mwenyekiti alitabasamu kuliko wote. Alikuwepo msibani yule! Alicheka siku ile mpaka akamwagikiwa chai!

"Shahidi," akasema, "hii sauti ni yako?"

"Ni yangu, mzee. Nilikuwa natania. Wewe ulikuwepo."

"Sikuuliza kama nilikuwepo. Uliposema wewe ni muongo, ulisema kweli au ulisema uongo?"

Akaendelea polepole, kama mtu anayemenya chungwa:

"Ukisema ulisema kweli, basi wewe ni muongo kwa kauli yako, tutakuaminije leo? Ukisema ulidanganya, basi ulidanganya msibani mbele ya wafiwa. Anayedanganya msibani, hapa ofisini atashindwa nini?"

Huu mtego niliwahi kuuona. Tukiwa kidato cha tatu, mwalimu wa hesabu aliingia darasani siku moja, akaandika ubaoni: Maneno yaliyoandikwa kwenye ubao huu si ya kweli. Akakaa. Akauliza, ni ya kweli au si ya kweli? Darasa likagawanyika. Waliosema ni ya kweli wakaambiwa, basi fuateni yanavyosema: si ya kweli. Waliosema si ya kweli wakaambiwa, lakini si ndivyo yanavyosema yenyewe? Basi ni ya kweli. Tulizunguka humo mpaka kengele, wanafunzi hodari wanakaribia kulia. Mimi nikaenda mbele, nikachukua dasta, nikafuta ubao. Nikasema, mwalimu, sasa hayana neno. Darasa likapiga meza. Mwalimu akaniambia nitafika mbali. Nimefika barazani kwangu.

Kwenye baraza la kata hakukuwa na dasta. Kulikuwa na simu, na maneno yaliyoko kwenye simu hayafutiki kwa mkono. Kwa hiyo nikafanya kosa la kujaribu kuwaelewesha.

"Mzee, sikilizeni vizuri maneno yenyewe. Nimesema sijawahi kusema neno la kweli. Kama hilo ni kweli, basi nimesema neno la kweli, na hapo limeshajivunja lenyewe. Kwa hiyo haliwezi kuwa kweli. Ni uongo. Na kama ni uongo kwamba sijawahi kusema kweli, maana yake kuna siku nilisema kweli. Simu yenu wenyewe imethibitisha kwamba lazima kuna siku ninasema kweli!"

Mjumbe mmoja mwanamke, mama mtu mzima anayeheshimika sana kwetu, akauliza kwa upole kabisa:

"Siku gani hiyo, baba?"

"Leo!" nikasema.

Hapo ndipo palipolipuka. Mjumbe wa pembeni alipiga paja. Katibu aliacha kalamu. Yule mama ndiye aliyetafuta leso. Walioketi nje dirishani wakaanza kuulizana amesemaje, amesemaje, na waliposimuliwa wakacheka wao pia. Binamu alicheka kwa heshima, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesema mnaona wenyewe.

"Sitanii!" nikapiga kelele.

Neno baya kuliko yote. Miaka yote, kila nilipotaka kumwangusha mtu chini kwa kicheko, nilianza na neno hilo. Sitanii, nimemwona mkeo anasuka nywele za mbuzi. Sitanii, mchungaji amekuulizia kuhusu ule mchele. Wakacheka zaidi. Nikasema nimekata utani na binamu kuanzia dakika hii, yeye si mtani wangu tena, wote muwe mashahidi. Wakaona huo ndio utani mtamu kuliko wote. Nilikuwa nimevua nguo zote za utani mbele yao, na wao wanasifia nilivyovaa. Uso unaniwaka moto, natamani kupindua ile meza na mihuri yake, na kila ninavyozidi kukasirika ninazidi kuchekesha.

Sasa waseme walikuwa hawajui. Wanajua! Wote wanajua maneno ya msibani ni ya msibani. Wangeletewa kesi kwamba nimemwita binamu mwizi siku ile ile, kwenye mkeka ule ule, wangemfukuza: nenda zako, huyo ni mtani wako. Lakini neno nililojitukana mimi mwenyewe ndilo walilolikunjua, wakalipiga pasi, wakaliweka kwenye faili. Kwa sababu ilikuwa rahisi. Kwa sababu binamu ana maksai na anawalimia wawili kati yao. Hilo la maksai nalisema bila kutania, na msomaji naye achague mwenyewe kuliamini.

Mwenyekiti akajikohoza.

"Haya. Mama, shahidi wako ndiye huyu. Una mwingine?"

Mamdogo alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma muda wote, amejifunga kitenge chake cha kwendea kanisani. Hakuwa amecheka hata mara moja. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu tangu aseme jina lake na kijiji chake.

"Sina mwingine," akasema. "Lakini mimi mwenyewe nipo. Ile mikonge nimeipalilia mimi. Niulizeni mimi ilikuwa wapi, nitawaonyesha mmoja mmoja."

"Mama, wewe ni mlalamikaji. Mtu hawezi kuwa shahidi wa nafsi yake. Kila mtu akijishuhudia, nani atakuwa na makosa hapa duniani?"

Mwenyekiti akamgeukia katibu amwandikie ile karatasi ya kwenda mbele. Na mimi, nikiwa bado nimesimama pale kama kinyago, nikasikia hayo maneno yakizunguka kichwani. Mtu hawezi kuwa shahidi wa nafsi yake. Saa nzima wamekaa wananihoji mimi kuhusu ulimi wangu, wakati mtu pekee ambaye hajawahi kumdanganya yeyote ameketi nyuma, anaambiwa ulimi wake hauhesabiki.

"Mzee mwenyekiti," nikasema, safari hii taratibu, kwa sababu hasira ilikuwa imeshuka kutoka kichwani imekaa tumboni. "Katibu ameandika hilo?"

"Lipi?"

"Kwamba mtu hawezi kuwa shahidi wa nafsi yake."

Katibu akatazama karatasi. "Nimeandika."

"Basi afute lile la kwenye simu. Aliyesema mimi ni muongo ni mimi. Ni nafsi yangu naishuhudia. Kama mamdogo hawezi kujishuhudia kwamba shamba ni lake, na mimi siwezi kujishuhudia kwamba ni muongo. Aletwe mwingine. Aseme ni lini nilimdanganya, na nilimdanganya nini."

Hakuna aliyecheka. Binamu akaanza kusema kwamba kila mtu anajua, nikamwambia basi kila mtu aje, foleni ianzie mlangoni. Mwenyekiti akawatazama wajumbe. Yule mama mwenye leso akaikunja, akairudisha mkobani.

"Mwenyekiti," akasema, "hapo ametushika."

Wakanong'ona. Katibu akachora mstari kwenye karatasi yake, nikausikia unavyokwaruza. Kisha nikaapishwa. Nikasema kila kitu: sururu, mikonge mingapi, ilitoka bega lipi la jiwe ikaenda bega lipi, maksai wa rangi gani. Katibu aliandika mpaka akapindua ukurasa. Nilijisikia mtu. Kwa dakika tano hivi nilijisikia mtu.

Kisha yule mama mjumbe akauliza: "Na wewe ulipomwona anang'oa, ulifanya nini?"

Binamu akainua kichwa, akanitazama usoni. Alikuwa anajua. Tulikuwa wawili tu siku ile. Ningesema nilikimbia nikachelewa, kama nilivyomwambia mamdogo, angesimama akasema yote, na mwandiko wote wa katibu ungekuwa wa kuwashia moto. Ningesema kweli, mamdogo yuko nyuma yangu anasikia.

"Nilicheka," nikasema.

"Ulifanyaje?"

"Nilicheka, mama. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu. Nilimtania. Nilimwambia alibebe na jiwe."

Nilitamani wacheke. Saa nzima nimewachukia kwa kucheka, na sasa ningewapa mkono wangu wa kulia wacheke kidogo tu. Nyuma yangu benchi likalia.

"Uliniambia ulichelewa kufika," akasema mamdogo.

"Nilikuambia hivyo."

"Kumbe ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa pale, mamdogo."

Binamu akaona nafasi, akairukia. "Si mnaona? Ameniona tangu asubuhi na akanyamaza! Si amekubali nihamishe?"

Katibu akainua kalamu. "Uhamishe nini?"

Sitaki kusimulia uso wake, nitakuwa najifurahisha. Iandikwe tu kwamba baada ya hapo usuluhishi ulikwenda haraka. Binamu alikubali kurudisha mikonge kabla ya wiki kuisha, akasema alikuwa amepitiwa, wakaandikishana, wakagongewa muhuri. Mwenyekiti akaamua niwepo na mimi, kwa kuwa shahidi ndiye anayejua mashimo yalipokuwa. Tulipotoka akanishika bega. "Kijana," akasema, "leo umetuchekesha." Nina miaka thelathini na tisa. Sijamwamkia vizuri tangu siku ile. Shikamoo ninampa kwa sababu nimelelewa, lakini ninaitoa kama mtu anayerudisha sahani ya jirani ikiwa tupu.

Alhamisi tukakutana kwenye jiwe, sisi watatu. Binamu na sururu, mimi na jembe, mamdogo mikono mitupu. Alivua kandambili akaziweka juu ya jiwe. Nilisimama pale ninapopajua kama ninavyojua pedali ya cherehani yangu.

"Hapa, mamdogo," nikasema. "Wa kwanza ulikuwa hapa."

Hakunitazama. Alipita mbele yangu, akaanza kukanyaga ule udongo kwa mguu mtupu, taratibu, anausikilizia. Akaenda kushoto, akarudi, akaenda mbele kidogo, akabonyeza kwa kisigino. Alizunguka mpaka akafika pale nilipokuwa nimesimama. Akabonyeza. Pakazama kidogo. Akamwambia binamu, "Chimba hapa."

Shimo la pili nikaonyesha tena. Akapita tena mbele yangu, akatafuta upya kama vile hakuna mtu aliyesema kitu, akafika palepale. La tatu hivyo hivyo. Kila shimo nilikuwa nasema kweli, na kila shimo alikuwa analitafuta tangu mwanzo. Jua lilipanda, mgongo ukauma, na ile safu yote mpaka kwenye minyaa tuliimaliza kwa mwendo huo.

Karibu na mwisho binamu akaniinamia, jasho linamtiririka kwenye ile kola niliyoishona mimi.

"Mtani," akanong'ona, "leo hata ukimwambia ni Alhamisi, atakwenda kwanza kuuliza kwa jirani."

Ilichekesha. Hicho ndicho kilichonipandisha hasira mpaka machoni, kwamba ilichekesha kweli, na nilikisikia kicheko kikipanda kooni kama kikohozi. Nikakimeza. Mamdogo alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, mguu wake unapapasa udongo. Nikaushika mkonge ukae wima, miiba yake ikanichoma viganja, nikaendelea kuushika mpaka binamu alipomaliza kufukia.